Vasco da Gama ya Rio de Janeiro: Klabu Iliyokataa Kuwafukuza Wachezaji Wake

Makala yetu ya leo inatupeleka Brazil, nchi ambayo imelichukua Kombe la Dunia la kandanda mara tano. Tutazungumzia historia na mafanikio ya klabu moja kongwe ya jiji la Rio de Janeiro, klabu ambayo makombe yake ni mengi, lakini jambo linaloipa heshima kubwa zaidi nchini mwake ni barua moja fupi iliyoandikwa mwaka 1924. Klabu hiyo ni Vasco da Gama.

Wapenzi wasikilizaji, jina la Vasco da Gama si geni masikioni mwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki. Tarehe 7 Aprili mwaka 1498 merikebu za nahodha huyo Mreno zilitia nanga nje ya Mombasa, mahali ambapo wageni na wenyeji walitazamana kwa shaka, na baada ya siku chache zikafika Malindi, ambako alipatiwa rubani wa baharini wa kumvusha hadi India. Nguzo inayoitwa kwa jina lake ingali imesimama Malindi hadi leo. Aliporejea mwaka 1502, alimlazimisha mtawala wa Kilwa, kwa tishio la mizinga, akubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Kwa hiyo, mtu wa Pwani anapolisikia jina hilo, hukumbuka mwanzo wa zama za misukosuko na dhulma.

Lakini ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika vitongoji vya kaskazini mwa Rio de Janeiro, jina hilohilo lina maana nyingine. Huko ukilitaja, watu huona jezi nyeusi yenye mkanda mweupe wa mshazari na msalaba mwekundu kifuani, na hukumbuka madereva, wachukuzi wa bandarini na wapaka rangi waliowashinda watoto wa matajiri. Ni vipi basi jina la mtu aliyetia hofu katika pwani moja ya watu weusi likaja kuwa fahari ya watu weusi wa pwani nyingine? Hilo ndilo swali tutakalojaribu kulijibu.

Klabu ya Vasco da Gama iliasisiwa tarehe 21 Agosti mwaka 1898 na kundi la wahamiaji wa Kireno pamoja na watoto wao waliozaliwa Brazil. Mwaka huo Wareno kila mahali walikuwa wakiadhimisha kutimia kwa miaka 400 tangu safari ya baharini ya kwenda India, na hapo ndipo jina lilipopatikana. Wengi wa waasisi hao hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa wafanyabiashara wadogo na makarani wa maduka, watu ambao matajiri wa Rio waliwadharau kwa lafudhi yao na kwa kazi zao za nyuma ya kaunta. Aidha, klabu yao haikuanzishwa kwa ajili ya soka. Mchezo uliopendwa zaidi jijini wakati huo ulikuwa mashindano ya kupiga makasia, na Vasco ilitwaa ubingwa wa mchezo huo katika miaka ya 1905 na 1906.

Ili kufahamu uzito wa yale yaliyofuata, hatuna budi kukumbuka hali ya Brazil ya zama hizo. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku tarehe 13 Mei mwaka 1888, yaani miaka kumi tu kabla ya kuasisiwa klabu hii, na Brazil ilikuwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kufanya hivyo. Karibu Waafrika milioni tano walikuwa wamefikishwa huko kwa nguvu katika kipindi cha zaidi ya karne tatu. Wengi wao walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi, lakini katika karne ya 19 bandari ya Rio ilipokea pia maelfu ya watu waliopakiwa melini Quelimane na katika bandari nyinginezo za pwani ya Msumbiji. Watoto na wajukuu wa watu hao walikuwa huru kisheria, lakini hawakuwa na ardhi, wengi hawakuwa na elimu, na milango ya vilabu vya waungwana ilikuwa imefungwa mbele yao.

Katika mazingira hayo, mwaka 1904 wanachama wa Vasco walimchagua Cândido José de Araújo kuwa rais wa klabu. Araújo alikuwa chotara, na anatajwa kuwa mtu wa kwanza asiye mzungu kuongoza klabu kubwa ya michezo nchini Brazil. Uchaguzi huo ulionyesha mapema kwamba katika nyumba hii watu walipimwa kwa mizani tofauti kidogo na ile ya majirani zao.

Wapenzi wasikilizaji, soka iliingia Brazil mwishoni mwa karne ya 19 ikiletwa na Waingereza na na vijana wa Kibrazil waliosoma Ulaya. Mjini Rio ilikuwa burudani ya watu wenye nasaba. Klabu ya Fluminense iliyoasisiwa mwaka 1902 ilikuwa kielelezo cha hali hiyo. Mabinti wa familia kubwa walikaa jukwaani wakiwa na kofia zao za fahari, na wachezaji walikuwa wanafunzi wa udaktari na sheria. Ni kweli kwamba klabu ya Bangu, iliyokuwa ya kiwanda cha nguo, iliwachezesha wafanyakazi weusi tangu mwaka 1905, na ni insafu kulitaja hilo, kwani Vasco haikuwa ya kwanza kumvalisha jezi mchezaji mweusi. Lakini Bangu haikuwa ikitwaa ubingwa, na kwa hiyo haikumtia mtu yeyote wasiwasi.

Vasco ilianzisha timu ya soka mwishoni mwa mwaka 1915, na ilianzia chini kabisa. Katika mchezo wake wa kwanza, mwezi Mei mwaka 1916, ikicheza daraja la tatu, ilifungwa mabao 10 kwa 1. Viongozi wake hawakukata tamaa. Walianza kuzunguka katika viwanja vya mitaani vya vitongoji maskini wakitafuta wachezaji hodari, na hawakuuliza mchezaji ana rangi gani wala baba yake anafanya kazi gani. Mwaka 1922 timu ikapanda hadi daraja la kwanza, na mwaka uliofuata ikaingia katika ligi ya wakubwa wa Rio.

Wakubwa hao hawakuitilia maanani timu hiyo ngeni. Kwa mujibu wa simulizi za mwandishi wa habari Mario Filho, ambaye mwaka 1947 alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu mtu mweusi katika soka ya Brazil, golikipa Nelson da Conceição alikuwa dereva wa teksi, Nicolino alikuwa mchukuzi bandarini, Ceci alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na Bolão aliendesha lori. Walichanganyika na wazungu maskini, na wote walikuwa chini ya kocha kutoka Uruguay aliyeitwa Ramón Platero. Wakati vijana wa vilabu vya kitajiri walikuja mazoezini walipopata nafasi, Platero aliwakimbiza wachezaji wake mitaani karibu kila siku. Matokeo yake yalionekana uwanjani. Mara nyingi Vasco ilikwenda mapumzikoni ikiwa nyuma au ikiwa sare, na katika kipindi cha pili, wapinzani walipoanza kuhema, yenyewe ndiyo kwanza iliongeza kasi.

Mwaka huo wa 1923 Vasco ilipoteza mchezo mmoja tu, dhidi ya Flamengo, na ikatawazwa kuwa bingwa wa Rio katika msimu wake wa kwanza kabisa miongoni mwa wakubwa. Kikosi hicho kinakumbukwa hadi leo kwa jina la Jezi Nyeusi, na golikipa wake Nelson alichezea timu ya taifa mwaka huohuo.

Ushindi huo haukupokewa kwa mikono miwili. Soka ya wakati huo ilikuwa ya ridhaa, yaani mchezaji hakuruhusiwa kulipwa, na wapinzani walidai kwamba wachezaji wa Vasco walikuwa wakilipwa kwa mlango wa nyuma. Dai hilo halikuwa la uongo mtupu. Wafanyabiashara wa Kireno waliwaandikisha wachezaji katika maduka yao ili waonekane kuwa na ajira, na baada ya ushindi waliwapa bahshishi. Kwa vile malipo hayo hayakupasa kutajwa wazi, yalipewa majina ya wanyama kutokana na bahati nasibu maarufu ya mitaani, ambapo kila mnyama alisimamia kiasi fulani cha fedha. Hadi leo wachezaji wa Brazil huita posho ya ushindi kwa neno la Kireno lenye maana ya mnyama. Hata hivyo, ni vyema tuulize: ni nani aliyenufaika na sheria ile ya ridhaa? Mtoto wa tajiri aliweza kucheza bure kwa sababu chakula kilimngoja nyumbani. Mchukuzi wa bandarini aliyeacha zamu yake ili acheze mpira alipoteza mshahara wa siku hiyo. Sheria iliyoonekana kuwa ya usawa ilikuwa, kwa kweli, kitasa mlangoni.

Kulikuwa na kitasa kingine, nacho ni kalamu. Kila mchezaji alitakiwa kutia saini karatasi ya mchezo kwa mkono wake na kujaza maelezo yake, na kwa njia hiyo asiyejua kusoma na kuandika aliweza kuzuiwa. Vasco iliwafundisha wachezaji wake kusoma na kuandika. Husimuliwa kuwa winga Paschoal, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa la Kiitalia na lenye kumpa taabu kuliandika, alianza kutumia jina la Silva lililo jepesi zaidi. Tunaweza kulicheka jambo hilo leo, lakini ni nadra katika historia ya michezo kusikia kuwa mtu mzima alijifunza herufi ili aruhusiwe kupiga mpira.

Mapema mwaka 1924 Fluminense, Flamengo, Botafogo na washirika wao walijitenga na ligi ya zamani na kuanzisha chama kipya kilichojulikana kwa kifupi kama AMEA. Vasco iliomba kujiunga. Ikajibiwa kuwa itakubaliwa kwa sharti la kuwaondoa wachezaji wake 12, ambao hali yao ya kijamii na kazi zao zilionekana hazilingani na hadhi ya chama. Karibu wote walikuwa weusi, machotara au wafanyakazi maskini. Aidha, ilisemekana kuwa Vasco haikuwa na uwanja wa kufaa, na vilabu vilivyoasisi chama vilijitengea haki kubwa zaidi katika kupiga kura.

Tarehe 7 Aprili mwaka 1924, rais wa Vasco, José Augusto Prestes, alimwandikia rais wa AMEA, Arnaldo Guinle, barua ambayo Wabrazil wanaiita Jibu la Kihistoria. Ni barua ya adabu, isiyo na tusi wala kelele. Prestes alieleza kwamba masharti yale yanaiweka Vasco katika hali ya unyonge isiyostahili. Alisema kuwa wachezaji wake wamechunguzwa na kuhukumiwa na baraza ambalo ndani yake hawakuwa na mwakilishi wala mtetezi. Aliwataja wale 12 kuwa ni vijana, karibu wote Wabrazil, wakiwa mwanzoni mwa maisha yao ya michezo, walioipatia klabu ushindi kwa jasho lao, na akasema kwamba kitendo cha hadharani cha kuwavunjia heshima hakitafanyika kamwe kwa ridhaa ya watu walioiongoza nyumba iliyowapokea. Kwa sababu hiyo, akamalizia, Vasco inaacha kujiunga na AMEA.

Wapo wanahistoria wanaotukumbusha kwamba neno "weusi" halimo katika barua hiyo, na kwamba ugomvi ule ulihusu pia fedha, kura na chuki dhidi ya Wareno. Hayo ni kweli, na si haki kuwageuza wauza maduka wale kuwa malaika. Vasco ilikuwa na maslahi yake. Wachezaji wale walikuwa mabingwa, na kuwaacha kungekuwa hasara. Pamoja na hayo, klabu ilikuwa na njia rahisi zaidi mbele yake. Ingeweza kuwaaga vijana 12, kuketi na wakubwa na kutafuta wengine wanaokubalika. Wengi wangefanya hivyo, na hakuna ambaye angeshangaa. Vasco ilibaki katika ligi iliyoachwa nyuma, ikacheza na vilabu vidogo, na ikatwaa ubingwa wa mwaka 1924 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Mashabiki waliifuata huko ilikokwenda. Mwaka 1925 AMEA, ambayo haikuweza kupuuza mapato ya viingilio vya umati huo, iliifungulia Vasco mlango, na Vasco ikaingia na wachezaji wake weusi.

Lilikuwa limebaki suala la uwanja. Wanachama na mashabiki wa klabu walichangishana fedha, na tarehe 21 Aprili mwaka 1927 uwanja wa São Januário ulizinduliwa mbele ya rais wa nchi, Washington Luís, ingawa wenyeji walifungwa na Santos mabao 5 kwa 3 siku hiyo. Wakati huo ulikuwa uwanja mkubwa zaidi Amerika Kusini, hadi ulipojengwa ule wa Centenario mjini Montevideo mwaka 1930. Klabu iliyoambiwa haina mahali pa kuchezea ikawa mwenyeji wa taifa. Ni katika uwanja huo, tarehe 1 Mei mwaka 1940, ambapo Rais Getúlio Vargas alitangaza mbele ya umati wa wafanyakazi kiwango cha kima cha chini cha mshahara nchini Brazil. Nayo soka ya kulipwa ikaruhusiwa rasmi mjini Rio mwaka 1933, na hivyo kile kilichokuwa kosa la Vasco kikawa kanuni ya wote.

Wapenzi wasikilizaji, tukiingia sasa katika mafanikio ya uwanjani, kilele cha kwanza kilikuwa miaka ya 1940. Timu ya wakati huo iliitwa Garimoshi la Ushindi, na ilitwaa ubingwa wa Rio katika miaka ya 1945, 1947, 1949, 1950 na 1952, mara tatu za kwanza bila kupoteza mchezo. Mwaka 1948 ilialikwa mjini Santiago, Chile, katika mashindano ya mabingwa wa Amerika Kusini. Ilitoka suluhu na River Plate ya Argentina, ambayo ilikuwa na kijana Alfredo Di Stéfano, na ikarudi nyumbani na kombe bila kufungwa. Shirikisho la soka la Amerika Kusini liliutambua ubingwa huo mwaka 1996, na hivyo Vasco inahesabiwa kuwa klabu ya kwanza kabisa kuwa bingwa wa bara hilo.

Garimoshi hilo ndilo lililoivuta timu ya taifa katika Kombe la Dunia la mwaka 1950. Katika mchezo wa mwisho dhidi ya Uruguay, tarehe 16 Julai katika uwanja wa Maracanã, wachezaji watano kati ya 11 wa Brazil walitoka Vasco: golikipa Barbosa, nahodha Augusto, Danilo, Chico, na Ademir aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano. Kocha pia alikuwa wa Vasco. Brazil ilihitaji sare tu. Ilipata bao la kuongoza, Uruguay wakasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika kama kumi na moja Alcides Ghiggia akapiga mpira uliopita kati ya Barbosa na mwamba wa goli.

Taifa zima lilimtwika mzigo huo mtu mmoja. Moacyr Barbosa alikuwa miongoni mwa magolikipa bora wa zama zake, naye alikuwa mweusi. Kwa nusu karne alinyooshewa kidole barabarani na sokoni. Alikuwa akisema kwamba adhabu kubwa kabisa katika sheria za Brazil ni kifungo cha miaka 30, lakini yeye alikuwa ametumikia zaidi ya hiyo kwa kosa ambalo hakulitenda. Alifariki dunia tarehe 7 Aprili mwaka 2000, siku ileile ya kumbukumbu ya barua ya Prestes. Hapa ndipo tunapoona mipaka ya ushindi wa mwaka 1924. Barua iliweza kumwingiza mtu mweusi uwanjani, lakini haikuweza kumhakikishia kwamba siku ya kushindwa atahukumiwa sawa na wenzake. Vasco yenyewe haikumsahau. Kituo chake cha mazoezi leo kinaitwa kwa jina la Moacyr Barbosa.

Miaka minane baada ya machozi ya Maracanã, Vasco ilitoa mchango mwingine kwa taifa. Brazil ilipotwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza nchini Sweden mwaka 1958, nahodha wake alikuwa beki wa Vasco, Bellini, na mabao mawili katika fainali yalifungwa na Vavá, mshambuliaji wa klabu hiyohiyo. Wapiga picha walipomwomba Bellini awaonyeshe kombe, alilinyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na tangu hapo manahodha wa dunia nzima wamekuwa wakifanya vivyo hivyo.

Vasco ilitwaa ubingwa wa Brazil kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ikiwa na kijana aliyepewa jina la Roberto Dinamite, yaani baruti, kwa uzito wa mashuti yake. Roberto aliifungia klabu zaidi ya mabao 700, na mabao yake 190 katika ligi ya taifa ni rekodi ambayo bado haijavunjwa. Alikuja kuwa rais wa klabu, na alipofariki dunia mwezi Januari mwaka 2023 mashabiki walijipanga São Januário kumuaga. Ubingwa wa pili ulipatikana mwaka 1989, na wa tatu mwaka 1997, pale Edmundo alipotikisa nyavu mara 29 katika msimu mmoja. Katika miaka hiyo klabu ilimlea pia Romário, aliyekuja kuwa nyota wa Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1994.

Mwaka 1998 klabu ilitimiza miaka 100. Siku tano tu baada ya siku yake ya kuzaliwa, tarehe 26 Agosti, iliifunga Barcelona ya Guayaquil mabao 2 kwa 1 nchini Ecuador na kutwaa Kombe la Libertadores, baada ya kuwa imeshinda 2 kwa 0 nyumbani. Mwezi Desemba ilifungwa na Real Madrid mabao 2 kwa 1 mjini Tokyo. Mwezi Januari mwaka 2000 iliilaza Manchester United mabao 3 kwa 1 katika uwanja wa Maracanã, lakini ikapoteza fainali ya klabu bingwa ya dunia mbele ya Corinthians kwa mikwaju ya penalti. Na tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, katika fainali ya Kombe la Mercosul, ilikwenda mapumzikoni ikiwa nyuma kwa mabao 3 kwa 0 kwenye uwanja wa Palmeiras, na ikatoka na ushindi wa 4 kwa 3, Romário akifunga matatu. Mashabiki wenye kumbukumbu walisema kuwa huo ulikuwa mtindo wa Jezi Nyeusi wa mwaka 1923: kushinda wakati wapinzani wamekwisha kuanza kusherehekea.

Ubingwa wa nne wa Brazil, ule wa msimu wa mwaka 2000, ulichanganyika na simanzi. Katika mchezo wa marudiano wa fainali dhidi ya São Caetano, tarehe 30 Desemba, uzio wa jukwaa la São Januário ulianguka na zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa. Mchezo ulirudiwa Maracanã mwezi Januari mwaka 2001, na Vasco ikashinda 3 kwa 1.

Baada ya hapo mlima uligeuka mteremko. Madeni na migogoro ya uongozi viliidhoofisha klabu, ikashuka daraja kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Ilipanda haraka, ikatwaa Kombe la Brazil mwaka 2011, lakini ikashuka tena katika misimu ya 2013, 2015 na 2020. Mwaka 2022 asilimia 70 ya hisa za kampuni ya soka ya klabu ziliuzwa kwa kampuni ya Kimarekani ya 777 Partners, na mwezi Mei mwaka 2024 mahakama ya Rio ikaiondolea kampuni hiyo usimamizi.

Tukio jingine la miaka ya karibuni linaturudisha moja kwa moja katika mada yetu. Mwezi Juni mwaka 2023, baada ya vurugu za mashabiki kufuatia kipigo kutoka kwa Goiás, uwanja wa São Januário ulifungwa kwa watazamaji. Adhabu kwa vurugu ni jambo la kawaida. Lakini katika maelezo yaliyofikishwa mahakamani, ukaribu wa uwanja na mtaa wa watu maskini wa Barreira do Vasco ulitajwa pia miongoni mwa sababu za hatari. Wakazi wa mtaa huo, ambao wengi wao huuza vyakula na vinywaji siku za mechi, walikosa riziki yao na wakaandamana pamoja na mashabiki. Ilikuwa miaka 100 kamili tangu ubingwa wa Jezi Nyeusi, na wengi waliuliza kama hali ya kijamii ya mtu imeanza tena kuhesabiwa kuwa kosa. Mwezi Septemba milango ikafunguliwa.

Wapenzi wasikilizaji, tukirejea katika swali tulilouliza mwanzoni, jibu ni kwamba jina halikubadilika. Waliobadilika ni watu walioamua kulibeba. Wareno wanyonge wa Rio walilichukua jina la nahodha wao kwa ajili ya fahari ya kwao, kisha wakalivalisha migongo ya wajukuu wa watumwa, na walipoambiwa wachague kati ya heshima ya wakubwa na wachezaji wao, wakawachagua wachezaji. Hatuna sababu ya kusahau mizinga ya Kilwa, lakini tunaweza pia kumpa haki yake José Augusto Prestes na vijana wake 12.

Vasco da Gama haina makombe mengi kuliko mahasimu wake wote, na katika miaka ya karibuni imeshuhudia Flamengo ikiiacha mbali. Lakini kila ifikapo tarehe 7 Aprili, mashabiki wake huadhimisha siku ambayo timu yao haikucheza mchezo wowote wala kufunga bao lolote, siku ambayo rais wao alikataa jambo kwa maandishi. Ni vilabu vichache duniani vyenye siku kama hiyo.